Kwa Baba Kaimenyi, Aliyeipa Ford Injini ya Chevrolet

Leo, tarehe 11 Machi 1967, mwaka umetimia, Baba, tangu homa ya mapafu ikuchukue hapa Isiolo ukiwa na miaka hamsini na miwili. Jina lako lilikuwa Jasper Kaimenyi M'Ikiara, lakini mji mzima ulikuita Fundi, na wengi walidhani ndilo ulilobatizwa nalo.

Ulikuwa mpole. Chai yako uliinywa umechuchumaa kando ya gurudumu. Mtu aliyekuja na haraka ulimjibu polepole mpaka haraka ikamwisha. Katika miaka hii ya vita vya shifta, majirani walipoanza kutazamana kwa jicho baya, ulitengeneza lori la Msomali na la Mmeru siku moja, na kila mwenyewe akangoja zamu yake.

Unajua ni nani aliyeua injini ya pikapu yetu ya Ford, iliyotulisha kwa kupeleka unga Gotu. Ni mimi, Rimberia, mwanao. Tulikuwa tukirudi katika msafara unaolindwa na askari. Niliona maji yamekwisha, nikaona haya kusimama mbele ya madereva wakubwa, nikazidi kukanyaga mafuta. Injini ikapasuka kabla hatujaona mji. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Umeiua wewe, utaifufua wewe."

Injini ya Ford haikupatikana. Ukapata ya Chevrolet, kutoka lori lililopinduka mtoni. Wazee wa sokoni walikuja kukucheka.

"Fundi, unamwoza binti wa Chevrolet kwa kina Ford? Hao ni mahasimu tangu zamani."

Ukawajibu ukiwa chini ya gari, "Bibi harusi hajalalamika. Kelele ni za wageni."

Injini hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, kwa hiyo ulisogeza rejeta mbele. Ulichonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi ya Ford kwa tupa ya mkono, wiki tatu nzima. Ikabaki propela tu, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ikatwe ilingane. Hapo ndipo ulipougua.

Baada ya mazishi mjomba Njeru alimwambia Mama, "Dada, gari la kampuni mbili ni gari la nani? Tuliuze kama chuma." Mama alikataa. Nami nilikataa, kwa sauti ambayo haikumfaa mtu mkubwa, na nimekwisha kumwomba radhi. Tukapatana: siku ya kumbukumbu yako ikifika pikapu haijabeba mzigo, itauzwa.

Nilipima, nikakata propela, nikaiunga. Gari likawaka, likazunguka mji, nami nikajiona nimemaliza. Lakini tulipolipakia magunia na kushuka bonde la kwanza, springi zililala, propela ikakosa nafasi, ikasukuma giaboksi na injini mbele. Feni ikakata rejeta. Maji yote yakamwagika barabarani.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, "sasa umeua mbili."

Nanok, Mturkana uliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, alichungulia chini, akaguna.

"Kijana, ulipima gari ikiwa tupu?"

"Ndiyo."

"Wewe uliona Fundi akipima gari tupu lini?"

Sikuwahi kuona, Baba. Kabla ya kupima uliita watu barabarani wakae nyuma ya gari, wanene kwanza. Ulisema gari tupu husema uongo kama mtu aliyeshiba, haliwezi kukuambia litafanya nini siku ya shida. Nilidhani ulikuwa unatafuta watu wa kupiga nao hadithi.

Basi nami niliita. Walipanda wanane: Waborana wawili kutoka msikitini, mwalimu wa shule ya Jumapili, mama wa miraa na kikapu chake, na wengine. Walikaa wakibishana kuhusu mvua nami nikiwa chini na kamba ya kupimia.

"Rimberia, sisi ni abiria au ni mahindi?" mama wa miraa aliuliza.

"Leo ni mahindi, Mama. Usitikisike."

Nilipunguza propela, Nanok akaichomelea, nikaziba rejeta, tukafunga.

Jana tulipakia magunia sita, tukaenda Ngare Mara na kurudi. Hakuna tone lililoanguka. Mjomba alifungua boneti, akatazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye lile bamba ulilochonga. Halafu akaifunga boneti taratibu.

"Safari ya Gotu mimi nitakaa nyuma, juu ya magunia," akasema. "Kiti cha mbele ni cha dada yangu."

Kwa hiyo kesho saa mbili asubuhi tutakuwa katika msafara wa Gotu, na unga. Pikapu haiuzwi. Nimekuandikia haya:

*Injini ya Chevroleti, kwenye Fodi imekaa,*
*Si uchawi si bahati, ni mkono wa shujaa,*
*Hukutuachia hati, kazi yako inang'aa,*
*Kesho mbele ya umati, Gotu tutaifikia.*

Unakumbukwa na mkeo Kagwiria, watoto wako Rimberia, Kinanu na Kanana, shemeji yako Njeru, na Nanok, ndugu yako wa kazi. Siku zetu zote, Baba, hutatutoka moyoni.