Yule Mgeni Alifika?

Shangazi yangu mpendwa,

Juzi darasani mwanafunzi aliniuliza kitenzi cha Kiingereza "direct" kina maana gani. Mimi, mwalimu wa Kiingereza miaka yote hii, nikageukia ubao nikajifanya natafuta chaki. Nilikukumbuka wewe, na machozi yalikuwa karibu.

Unakumbuka nilivyolileta neno hilo nyumbani, miaka ya tisini mwanzoni, niko darasa la sita? Ulikuwa unakoroga unga wa vitumbua, mimi nakusomea daftari: kumwelekeza mtu njia, kusimamia kazi, kuamuru, kuandika kwenye barua iende kwa nani. Ulisikiliza mpaka mwisho ukasema, "Hao Wazungu wavivu. Kazi zote hizo neno moja." Halafu ukauliza kama kuna maana ya kumfikisha mtu. Nikatafuta, haikuwepo. "Basi hawajui kuelekeza," ukasema, ukaendelea na unga wako.

Wewe ulijua. Meza yako ya chai ilikuwa pale sokoni Mpanda, malori ya kutoka ziwani yaliposhusha watu na magunia ya dagaa, na kila mgeni aliuliza njia kwako. Hukumwambia mtu kata kulia, kata kushoto. Ulielekeza kwa watu: "Nenda kwa mama wa cherehani, mwambie umetoka kwangu, yeye atakupeleka kwa fundi baiskeli." Na kesho yake ulimfuata mama wa cherehani kumuuliza, "Yule mgeni wangu alifika?" Mimi nilikuwa naona aibu. Nilidhani ni umbea tu, nisamehe.

Mwaka uleule tukahamia ng'ambo ya reli. Ukanikalisha na kalamu, ukasema kuna mteja wako atakuja kututembelea, nimwandikie njia, nipate na mazoezi ya lile neno langu. Nikaandika kwa mwandiko wa kujidai: ukishuka kwenye lori, muulize mama wa cherehani; ukivuka reli, muulize mzee wa mkaa, yeye anaijua nyumba yetu.

Miezi miwili baadaye nilikuwa bombani nachota maji, mwanamke mwenye ndoo ya dagaa kichwani akanisimamisha, akanipa karatasi. "Mwanangu, mzee wa mkaa leo hayupo. Nyumba hii iko wapi?"

Ulikuwa mwandiko wangu. Nikamtazama usoni, nikaiona pua yangu. Alikuwa mama, aliyeniacha kwako baba alipofariki, akaenda Ikola, kule ziwani, kutafuta maisha, mimi hata meno sijamaliza kuota. Nilijua amekuja kunichukua. Nikanyoosha mkono kuelekea njia ya mashambani, mbali kabisa na kwetu. "Nenda tu na njia hii, utaiona," nikamwambia. Akanishukuru, akaenda.

Uliporudi kutoka sokoni ukaniuliza mbona sili. Nikakueleza yote, nikangoja kofi. Ulifunga khanga yako vizuri, ukanishika mkono, tukatoka. Njiani nikalia, nikakuuliza kama umenichoka. Ukasimama katikati ya njia.

"Nyamizi, mama yako yu hai. Siwezi kukulea kama vile amekufa. Lakini usidhani kwangu ni rahisi." Ukanishika mkono tena, tukaendelea.

Tulimkuta amekaa juu ya ndoo yake kando ya shamba la mihogo, karatasi bado iko mkononi. Wewe ndiye uliyemwomba radhi. Ulimwambia ulielekeza vibaya.

Wiki iliyofuata nilipanda lori la Ikola. Nilikuwa nimekuomba unitajie njia ya kurudi niiandike, nikashika kalamu tayari, ukacheka huku unalia. "Wewe usimwulize mtu. Kwako unakujua." Na kweli, kila likizo nilikuja bila kuuliza. Mama alinipenda, nikampenda, na hilo wewe uliliona kabla yetu sote.

Ulifariki nikiwa chuoni, na barua ilinifikia baada ya mazishi. Tangu hapo sikuthubutu kuja. Niliogopa, Shangazi, sina maneno mengine. Mpaka yule mwanafunzi na swali lake.

Leo nimeshuka sokoni, na kwa mara ya kwanza maishani nikalazimika kuuliza njia ya kuja kwako. Nilimwuliza mama wa cherehani. Amezeeka, lakini alinitambua kabla sijajitaja. Hakunielekeza. Alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akanishika mkono, tukavuka reli taratibu mpaka makaburini, na sasa amekaa kule pembeni ananingoja.

Nakuandikia nikiwa kwenye nyasi, karibu na msalaba wako. Nakujua: kesho ungepita kwake kuuliza. Basi usihangaike, nakuambia mwenyewe. Nimefika, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako, na mgeni wako wa leo,
Nyamizi