Emery na pikipiki yake mlangoni mwa kanisa

Orpa, uko fasi gani? Acha hayo maharage, usome. Ni habari ya kaka yangu Emery.

Unaijua ile pikipiki yake kuukuu ya milimani, ile ndogo iliyokuwa inakohoa hata kwenye tambarare. Mwaka mzima ameitengeneza kidogo kidogo. Akiuza mahindi, anashuka Mbarara kutafuta kabureta iliyotumika. Akiuza mbuzi, anarudi na tairi za meno. Yote hayo kwa sababu Constance alimwambia haolewi na mtu wa kusukuma pikipiki.

Leo akaileta hapa Rubondo, hadi mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka ibadani. Haikukohoa hata mara moja! Akashuka na shati lake jeupe, akasema, "Constance, panda. Sasa inabeba batu babili, mimi na weye, bila shida."

Constance akaizunguka polepole. Akagusa tairi.

Akasema, "Pikipiki umeibadilisha yote. Kitu cha zamani kilichobakia ni weye."

Orpa, alisema hivyo! Mama amesimama palepale! "Kilichobakia ni weye."

Watu wakaangua kicheko, hata wazee wa kanisa. Emery naye akacheka, maskini, akidhani ni utani, mkono bado unampangusia kiti. Constance alikuwa ameshaondoka.

Ndipo kicheko kikamkauka. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta wa kwake, mpaka akanifikia mimi.

Nilikuwa ninacheka, Orpa. Na aliniona.