Ukingo wa Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Nimemficha binti yangu Borghild jambo moja tangu akiwa na miaka minne. Mama yake hakufa kwa homa ya mapafu. Gudrun alikufa ndani ya Jengo la Pruett, katikati ya Chicago, jengo ambalo yeye anahangaika kuliokoa lisibomolewe.

Nimeandika.

Daktari amekuja asubuhi. Amesikiliza kifua, akazungumzia hali ya hewa. Nimeelewa kwamba sina siku nyingi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Borghild amerudi kutoka baraza la jiji, hana hata sauti. Yeye na wenzake wameshindwa. Wenye jengo wanataka uwanja wa kuegesha magari. Mmoja wao alimwambia, "Mama, hilo ni banda la njiwa. Wewe ukitaka kuona mambo ya zamani, nenda makumbusho."

Akaketi kitandani kwangu bila kuvua koti. Ana miaka sitini na sita, na alilia kama mtoto.

"Samahani, Baba. Kazi yako wanaiangusha."

Kazi yangu. Nilikuwa mchoraji katika ofisi ya Bwana Ostrander, msanifu wa jengo lile. Ghorofa kumi na nne, mwaka 1892. Watu walivuka barabara waliangalie kwa mbali, wakiogopa litawaangukia. Chini yake ni udongo laini wa ziwa, kwa hiyo tulilijenga juu kidogo kuliko barabara, ili kwa uzito wake lizame polepole mpaka lilingane na njia. Hivyo ndivyo tulivyojenga hapa. Tulihesabu kuzama kwa jengo zima la mawe na chuma, na hatukukosea.

Kosa lilikuwa kwingine.

Jumatano, 11 Oktoba

Kaczmarek, jirani yetu wa ghorofa ya juu, kaja na supu nyekundu ya bitiruti. Aliendesha lifti ya Pruett tangu ujana wake.

"Mzee Torvald, bado upo? Nimepiga pasi suti nyeusi bure."

"Ivae Jumapili. Wanawake watakuonea huruma."

Alicheka, kisha akafunga mlango. Akaniuliza kama nimemwambia Borghild. Nikasema bado. Akasema yeye ndiye aliyemfunika Gudrun kwa koti lake la kazi, na kwamba amechoka kukutana na binti yule kwenye ngazi na kuzungumzia bei ya makaa.

"Yule bosi wako Ostrander ndiye aliyetaka ukingo wa chuma uwe mfupi," alisema. "Si ndivyo ulivyoniambia? Basi unaogopa nini?"

Supu ilipoa.

Jumapili, 15 Oktoba

Usingizi hauji. Niandike ilivyokuwa.

Katikati ya jengo kulikuwa na uwazi mkubwa, kutoka chini hadi paa la vioo. Ofisi zote ziliuzunguka, na mbele ya milango yao kulikuwa na ujia wenye ukingo wa chuma. Ukingo huo niliuchora mimi. Majani na maua ya mbaruti, mwanga ukipenya katikati yake. Kwenye karatasi ulifika kiunoni.

Niliupima kutoka sakafu tupu. Nilisahau zege na marumaru vitakavyowekwa juu yake. Mafundi walipomaliza, safu nzima ya maua ilikuwa imezikwa sakafuni, na ukingo ukaishia mapajani.

Watu waliusifu. Wakasema unaelea.

Miaka saba baadaye Gudrun aliniletea chakula, mikate ya viazi ndani ya kitambaa, bado ya moto. Nilikuwa chini ukumbini na mteja. Aliniona kutoka ghorofa ya saba. Akainama anipungie mkono.

Basi.

Kila mwaka, siku hiyo, nilimpeleka Borghild pale. Tulisimama ukumbini tukitazama juu. Alidhani ninamfundisha kupenda majengo. Akayapenda.

Ijumaa, 20 Oktoba

Wameanza kubomoa. Mchana Borghild alikuja na Kaczmarek, wamebeba kitu kimefungwa blanketi. Kaczmarek hakunitazama. Alikitua, akasema ana kazi juu, akaondoka.

Ni kipande cha ukingo. Borghild aliwabembeleza wabomoaji wampe. Akakisimamisha kando ya kitanda changu.

"Nimekuletea, Baba. Ghorofa ya saba."

Kilimfika kiunoni.

Akakipangusa kwa leso. Alipofika chini mkono ukasimama. Huko chuma ni cheusi kabisa, kipya, na maua yake yamejaa chokaa.

"Mbona haya sikuyaona hata siku moja?"

"Yalikuwa sakafuni."

"Kwa hiyo ulitakiwa uwe mrefu hivi?" Akaweka kiganja pale marumaru ilipoishia, akapima kutoka hapo hadi juu, kisha akauonyesha urefu huo kwenye paja lake. "Huu ulikuwa mfupi mno, Baba. Mtu angeweza kuanguka."

"Alianguka."

"Nani?"

Nikamwambia. Mkono wake haukutoka kwenye chuma. Akauliza kama mama yake aliumia kwa muda mrefu. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini ukingo haukurefushwa. Nikamwomba chai. Akaenda jikoni.

Birika linapiga mluzi naye haliondoi motoni. Akirudi atauliza tena, na jibu analo Kaczmarek, lile nililompa mimi: kwamba bosi ndiye aliyetaka. Ostrander hana mtoto wa kumtetea.

Ostrander aliona kosa kabla ya wapangaji kuhamia. Aliniita ghorofa ya saba, akaugusa ukingo kwa goti, akasema tuungoe wote, tuuinue, gharama ataibeba yeye. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mchoro ni wangu.

Nikamwambia auache. Nilisema unapendeza zaidi hivyo.