Njiwa wa Digna

Mabogini, Moshi
11 Juni 1975

Mdogo wangu Digna,

Kosa la watu karibu wote wakimwokota ndege aliyeumia ni kumpanua mdomo na kummiminia maji. Samahani, hasira imetangulia salamu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Kibosho? Mimi mzima, ila kukanyaga majaruba ya mpunga yenye maji kutwa kumeniletea kikohozi.

Unajua kazi niliyopewa baada ya kustaafu ualimu: kuhesabu ndege katika mashamba ya mpunga. Mwezi uliopita nilimkuta Efraimu, mlinzi wa mashamba, amempiga yangeyange kwa kombeo na kumvunja bawa. Nilimkaripia, maana yangeyange hali mpunga, anakula panzi wanaoushambulia! Akaingiwa na huruma, akampanua mdomo amnyweshe kwa kopo. Nilipiga kelele hadi wanawake waliokuwa wakipalilia wakainuka. Nikamweleza kwamba tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yakimiminwa huingia mapafuni. Efraimu akacheka, akauliza kama basi Mwalimu ataruhusu ya kumbatizia, kwa kuwa ya kunywa ameyakataza. Wale wanawake nao wakadai watajiwe jina la ubatizo.

Nilimfunga bawa, nikamweka kwenye kikapu chenye giza, na maji ndani ya kisosi. Wiki ya nne akaruka. Panzi wote aliletewa na Efraimu, ambaye hadi leo humwita Filemon.

Ndipo Filbert wa lori la mbolea akaniletea barua yako. Unasema mkweo Priska ameokota njiwa wa porini kando ya mfereji, nawe umemwamuru amtupe migombani, kwa sababu mkono wako unaua kila kinachofugwa. Digna! Nyanya mzima, na bado unayabeba maneno ya bibi! Ulikuwa na miaka minane, njiwa mmoja akafa kikapuni mwako, bibi akatangaza kwamba huna mkono wa mifugo. Sisi wavulana tukapewa mbuzi, wewe hata kifaranga hukupewa. Mpaka leo ng'ombe wako anakamuliwa na jirani, nawe unasimama mlangoni kama mgeni. Hiyo ni dhuluma, na nimeikasirikia siku mbili mfululizo.

Aliyekudhulumu ni mimi. Asubuhi ile ulipokwenda kukata majani, nilimpanua njiwa wako mdomo, nikammiminia maji ya kibuyu. Nilitaka apone upesi, nisifiwe mimi. Alitikisika mara mbili, basi. Nikamrudisha kikapuni, nikamfunika. Bibi alipokulaumu nilikuwa pale pale, nakula ndizi zangu kimya. Miaka arobaini na miwili nimewafundisha watoto wa watu habari za ndege, na wewe sikukuambia neno.

Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba uache kuuogopa mkono wako.

Na usimgombeze Priska, lakini Filbert ameniambia njiwa hakutupwa. Yu hai, amefichwa nyuma ya kuni zako. Wasalimie wote nyumbani. Barua hii Filbert anapanda nayo sasa hivi, utaisoma kabla jua halijazama.

Kaka yako,
Athanas

Leo hii, kwa mkono wako mwenyewe, mweke njiwa yule kwenye kikapu chenye giza, na kisosi cha maji anywe mwenyewe.