Nilizimia kwa Joto Kwenye Barafu, Mbele ya Baba Mkwe

Mpendwa Bi Kowsar,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwatunza, na tayari wameanza kuulizana kama tumbo linanisumbua. Mimi ni Mkisii wa miaka thelathini na moja, nakaa Selly Oak, hapa Birmingham, na wanafunzi wanne wasioosha sufuria, na nampenda Kemunto wa Kingstanding miaka miwili sasa, na mwezi wa tatu wazee wangu wanatakiwa kwenda kwao kuongea mambo ya ndoa, ila babake, Mzee Alfayo, akasema kabla ya wazee anataka tucheze gofu, sisi wawili tu, Januari hii, na Bi Kowsar, mimi gofu nimeiona kwenye televisheni.

Sasa mimi tangu nitue Birmingham baridi naiogopa kuliko mbwa, kwa hiyo nikavaa vesti mbili, shati la kanisani kwa sababu naenda kwa mkwe, sweta mbili, jaketi la manyoya la kufika magotini, na juu yake koti langu la mazishi nililokuja nalo kutoka Kenya, na huku chini jinzi juu ya suruali ya mazoezi, na ndani ya hizo zote, naona aibu hata kuandika, taitsi za sufu za Kemunto, nyeusi zenye vipepeo vya waridi, alinipa mwenyewe akaniapia hakuna atakayeziona. Nikafika natembea kama friji inayohamishwa. Mzee alikuwa na sweta moja na kizibao. Akaniangalia juu hadi chini, akasema, "Tevin, umekuja kucheza au umehama?"

Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mpira wa kwanza nilipiga hewa kwa maana mikono haikupita kifua, wa pili nikang'oa nyasi, na bado tunapanda kilima tukivuta mifuko ya fimbo, na kufika shimo la tatu jasho linanichuruzika hadi viatuni, Mzee akaniambia vua koti kijana, nami ningevua vipi, kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani miili, ni mwiko mkubwa, na mamangu alikuwa amenipigia asubuhi hiyo hiyo akanionya nisivue hata kofia. Nikasema, "Niko sawa, baba, nasikia baridi kidogo," na mvuke unanitoka kichwani. Shimo la nne akasimama, akaegemea fimbo yake, akaniuliza, "Siku Kemunto akiwa mgonjwa, wewe utafanya nini?" Nikafungua mdomo nijibu, na kitu ninachokumbuka baada ya hapo ni mawingu.

Mzee alinivua, Bi Kowsar. Koti, jaketi, masweta, shati, akafungua mpaka suruali zote mbili kwa maana mshipi ulikuwa unaninyonga. Nilipofumbua macho alikuwa amepiga magoti kwenye barafu, ananipepea na kadi ya kuandikia alama, na anaangalia vipepeo. Hizo taitsi alizinunua yeye, zawadi ya Krismasi kwa binti yake. Akanifunika, akanirudisha nyumbani kwa gari. Jana ametuma ujumbe: "Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mashimo yaliyobaki." Kemunto anacheka, mamangu analia, mjomba anasema mwiko umeshavunjwa nitafute msichana mwingine. Je, niende, au nijiondoe mwenyewe kabla sijafukuzwa?

Tevin, Selly Oak

Bi Kowsar anajibu:

Tevin, kwanza toka chooni, wazee wa watu wanataka chai.

Pole sana. Nimecheka mpaka mume wangu, Mubarik, akaja kuona kama niko mzima. Sasa nimemaliza kucheka, nakugombeza. Mtu mzima na akili zako unavaa duka zima? Mimi nimekulia Garissa kwenye jua kali, na hapa Winson Green mwaka wa kumi na moja huu nasimamisha magari kila asubuhi watoto wavuke kwenda shule, mvua, theluji, upepo. Nguo tatu tu zinatosha! Ya ndani iwe nyembamba, ya kubana, inayokausha jasho, na isiwe pamba, maana pamba ikilowa itakugandisha. Juu yake sweta moja ya sufu. Juu kabisa jaketi jepesi la kuzuia upepo, na kabla hujalinunua zungusha mikono hapo hapo dukani kama unayepiga mpira, wakikushangaa waache wakushangae. Kofia ya sufu, soksi kavu za akiba, na glovu nene za kuvaa ukitembea, uzivue ukipiga.

Chai ya tangawizi ubebe thamosi mbili, yako na ya mzee. Fika nusu saa mapema uruke ruke, unyooshe mgongo, ama utalala chini tena na safari hii ni kiuno. Mubarik, ambaye anacheza, anasema mpira kwenye baridi hauendi mbali, usidhani ni wewe mbovu. Wewe ni mbovu pia, lakini siyo hilo tu. Na taitsi za binti wa watu zirudishe. Za kiume zinauzwa, tena hazina vipepeo. Astaghfirullah!

Haya, tuje kwa linalokuliza. Mwiko umevunjwa na nani? Wewe ulikuwa umelala chali. Mzee Alfayo huo mwiko amelelewa nao kabla hujazaliwa, na angeweza kusimama kando, apige simu, asubiri ambulensi na heshima yake mkononi. Hakusubiri. Mimi mila zenu sizijui, na kama zinadai jambo la kusafisha hilo, wazee wako watalizungumza mwezi wa tatu, ndiyo kazi yao. Lakini nina mabinti wawili, Ifrah na Deeqa, na nakwambia wallahi, kijana nisiyemtaka simfungulii vifungo kwenye barafu, namwitia watu. Mjomba wako akitaka msichana mwingine, atafute yeye.

Tena unaniudhi, maana umeuliza kila kitu isipokuwa cha maana. Unafikiri mzee anaamka na baridi hiyo aje kutazama unavyochimba nyasi? Anataka jibu lake. Alikuuliza utafanya nini mwanawe akiugua, ukaanguka, na hapo hapo akakuonyesha anachofanya yeye kwa mtoto wa wenyewe. Nenda Jumamosi. Usiguse fimbo kabla hujamshika mkono na kumwambia, "Baba, nitamfanyia kama ulivyonifanyia mimi." Halafu nyamaza, mcheze.