Glasi niliyomrudishia mwongozaji

Uyole, Jumapili jioni

Sijawahi kumwambia mtu kilichonikuta kwenye kile kiwanda maarufu cha bia, shule yetu ya Ireland ilipotupeleka ziara. Mama anaamini nilirudi na elimu.

Leo kanisimamisha mbele ya wateja wake wa komoni, pombe anayoipika mwenyewe hapa nyumbani. "Tumaini, waambie Wazungu wanavyopika pombe."

Nikaeleza mapipa ya chuma na usafi kama wa hospitali. Mzee mmoja akauliza, "Sasa nani anaonja kwanza?"

"Hakuna, babu."

"Basi hao watakuja kumaliza watu."

Hata mimi niliwaza hivyo kule. Mwongozaji aliponipa glasi ya kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi, nilimrudishia nikamwambia, kwa Kiingereza changu kilichowahi kunipa zawadi shuleni, aanze yeye. Kwetu aliyepika ndiye anayeonja, mgeni aone hakuna sumu. Darasa zima likacheka. Hongera kwangu. Nora, rafiki yangu pekee kule, akauliza nimeyatoa wapi hayo. Nikasema kwenye sinema. Mama yangu ni mwalimu, nikaongeza, kana kwamba kuna aliyeuliza.

Kesho Nora atapiga simu ya video amsalimie huyo mwalimu. Mama ameshapiga pasi kitenge chake kizuri, wala hajui kwamba nilimbadilishia kazi.

Nasikia kandambili zake zinakuja. Kila siku daftari hili huishia chini ya godoro. Leo mkono hautaki kulificha.

"Tumaini, umelala?"

"Bado, Mama. Ingia ukae. Kuna kitu nataka usome."