Nimemzika Mama Mkwe, Naye Yuko Sebuleni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, mwenzio silali. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina binti wa darasa la nne, shule ya serikali hapa hapa mjini, darasa moja watoto tisini, na kila Ijumaa wana jaribio la kusoma kwa sauti, na kila Ijumaa tumbo la mwanangu linauma, analia mpaka kwikwi, basi mimi mama nifanyeje, namwambia haya baki, namwandikia mwalimu barua, mwanzo homa, halafu jino, halafu sikio, magonjwa yakaniishia, na mwalimu kaanza kuulizia cheti cha daktari, nikaona isiwe tabu, nikamuua bibi yake. Kwa kalamu tu, jamani! Mama mkwe mzima wa afya, hivi ninavyoandika yuko sebuleni analalamika chai yangu maji matupu.

Sasa mwalimu, kumbe ana utu, katuma ujumbe: Jumamosi saa nne walimu watano wanakuja kutupa pole. Mume wangu hajui kama mama yake alifariki. Nimfiche wapi bi mkubwa? Kwa wifi hataki, eti godoro la kule linamvunja mgongo.

Na kingine sijamwambia mtu. Ile barua ya msiba sikuifunga. Binti aliishika, akaitazama weee, akaniuliza, "Mama, umeandika nini?" Darasa la nne, mshauri.

Mama Sare

*

Mama Sare, nimecheka mpaka nikapaliwa, halafu nikafika kwa huyo binti na barua yake, kicheko kikakata.

Umehangaika pa kumficha bibi, kumbe unayemficha siku zote ni mtoto. Tumbo lake halikuwa uongo, ilikuwa hofu ya kusimama mbele ya wenzake na kitabu asichoweza kukisoma. Nawe dawa yako ni kumbakiza nyumbani. Una akili kweli wewe? Na usinitajie watoto tisini. Ni wengi mno, na wakubwa wana la kujibu, lakini Ijumaa ndiyo siku pekee mwalimu anamsikiliza kila mmoja, na wa kwako hayupo.

Sasa fanya hivi. Leo mwambie mumeo, kisha mkaombe radhi kwa mama mkwe, na ukae mbali kidogo na mkono wake. Jumamosi usimfiche mtu. Marehemu mwenyewe awafungulie mlango. Wakishazinduka, wape viti na useme kweli yote: mtoto hajui kusoma, nami nilikuwa namfichia. Utaona haya, na unastahili.

Ijumaa inayofuata mpeleke mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa, alie asilie. Afanye jaribio, apate sifuri yake. Hapo mwalimu atajua aanzie wapi kumfundisha. Mpaka sasa anachojua kuhusu mwanao ni kutoa pole tu.